Nguo Nyeusi ya Chupa

Bukavu, tarehe 6 mwezi wa nne 2025

Kwa Emerance, mke wa mdogo wangu,

Nakusalimu kwa jina la Yesu. Sisi huku tumeamka. Mama presha inampanda na kumshuka, ila bado tunaye. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu najua simu yako ilichukuliwa kwenye vita vya Januari, siku zilezile Magloire wetu alipotoka kwenda kupiga picha za ndoa kule Mugunga na hakurudi. Barua naipa Julien, mtoto wa shangazi, anayefanya kazi kwenye boti. Atakuletea na kreti ya chupa, usishangae.

Kwanza niombe msamaha kwa ule ugomvi wa mwezi uliopita. Wazee walikosea kukutumia kitambaa cheusi cha ujane kama mtu anayetumiwa sukari. Mtu haamrishwi kulia. Niliwaambia: "Muache bibi ya batu. Atavaa siku roho yake itakubali." Walinikasirikia, lakini walinyamaza. Ujue tu kwamba kwenye familia hii una mtu mmoja upande wako.

Sasa kazi. Unajua natengeneza kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Zamani niliuza kwa madumu. Sasa naitia kwenye chupa za kioo cheupe, zina lebo, nataka ziingie madukani na hotelini. Mwenye mashine ya kuchapa mabango anataka picha nzuri, na wapiga picha wa hapa wanazisimamisha chupa zangu ukutani kama mtu wa kadi ya uchaguzi. Nikakumbuka kwamba Magloire alikuwa bingwa wa chupa, kwamba alikufundisha, na kwamba kamera yake ya pili ulifanikiwa kuificha kwenye gunia la makaa.

Nisaidie, Emerance. Nitakulipa, na jina lako litaandikwa chini ya bango.

Dada yako,
Cibalonza


Goma, Katindo, tarehe 20 mwezi wa nne 2025

Yaya Cibalonza, dada mkubwa wa mume wangu,

Barua nimepokea na chupa nimepokea. Zote ni nzima isipokuwa moja, ambayo Julien anasema ilijivunja yenyewe njiani. Mdomo wake ulinuka ndizi, kwa hiyo nadhani ilijinywa pia.

Kuhusu kile kitambaa, niseme mara moja ili tusirudie. Nimekikunja, kiko chini ya godoro. Sikivai. Mliniambia wenyewe kwamba mke akivaa nyeusi amekubali kuwa mumewe amekufa. Akishakubali, wazee wanakaa, matanga yanaondolewa, na kwa kuwa sikuzaa, nyumba inarudi kwenye familia. Nyumba ni kitu kikubwa, sikatai, sina nyingine. Lakini nyumba si kitu kinachonikataza kulala. Hakuna aliyeniletea mwili wa Magloire, wala kiatu chake. Kwa hiyo kila siku navaa ile nguo ya njano aliyoninunulia Birere, ile aliyosema ataniona nayo hata nikivuka mpaka nikasimama Gisenyi. Akitokea barabarani, aone njano. Majirani wanasema nimepagawa. Waseme.

Chupa sasa. Watu wengi wanaimulika chupa kwa mbele kama wanavyomulika mwizi, na chupa haipendi. Magloire alinifundisha kwamba kioo hakimulikwi, kinamulikwa kilicho nyuma yake. Nimetundika shuka jeupe dirishani, na nyuma ya shuka nimeweka ile taa yetu ya sola ya balbu moja. Chupa nimeisimamisha mbele ya shuka, juu ya jiwe la volkeno nililolisugua. Yaya, pombe yako ikawaka rangi ya asali. Nyuma ya chupa, mahali ambapo kamera haioni, nimesimamisha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, nimeikata kwa umbo la chupa, inarudisha mwanga ndani. Na yale matone ya baridi utakayoyaona si maji, maji yanateleza. Ni gliserini ya famasi nimeichanganya na maji kidogo, nikarusha kwa mswaki.

Kadi ya kamera Julien anayo kwenye bahasha, airudishe. Nashukuru kwa kuwa upande wangu. Siku hizi upande huo hauna watu wengi.

Mke wa mdogo wako,
Emerance


Bukavu, tarehe 4 mwezi wa tano 2025

Mpendwa Emerance,

Nimeziona picha kwenye kompyuta ya yule bwana wa mabango, machozi yakanitoka. Sikujua kama kasiksi ni nzuri hivyo. Mkono wa Magloire umebaki kwako, hilo hakuna atakayelibisha.

Ila kuna kitu. Juu ya lebo ya kila chupa, kwenye kioo, kuna mstari wa njano umesimama. Yule bwana akaukuza, tukaona ni mtu. Ni wewe na nguo yako. Akacheka, akasema: "Mama, pombe yako iko na muzimu ndani." Na mtu wa hoteli alikuwa amekaa palepale, akacheka naye. Nilitamani ardhi inimeze.

Mimi sijui kazi yako, mwanangu. Wewe ndiye fundi, dawa yake unaijua. Sitakuambia fanya hivi au fanya vile. Naomba tu usionekane.

Wazee wameanza tena kuuliza juu ya nyumba. Nimewaambia Emerance ana kazi yangu mkononi, muacheni kwanza aimalize. Unaona kazi hii inavyotusaidia sisi wawili. Nimekurudishia kadi, na chupa nyingine kwa Julien, nimezihesabu mbele yake.

Dada yako,
Cibalonza


Goma, Katindo, tarehe 18 mwezi wa tano 2025

Yaya Cibalonza,

Kioo ni kama jirani, kinaona yote na kinasema yote. Nisamehe kwa ile njano. Nilizoea kuivaa mpaka nikasahau kwamba naonekana.

Nilijaribu kujificha nyuma ya mlango na kuiacha kamera ijipige yenyewe. Ikaonekana kamera na ukuta wa kijani. Nilijifunika shuka jeupe; chupa ikapotea, kingo zake zikaungana na weupe wa nyuma, ukabaki unaona lebo inaelea hewani. Kusema ukweli dawa naijua toka mwanzo, ni kwamba sikutaka kuitumia. Magloire akipiga chupa alikuwa anavaa shati jeusi la mikono mirefu na kofia nyeusi, anaweka vitu vyeusi kulia na kushoto kwa chupa, na mlangoni anatundika cheusi. Weusi wa pembeni unaingia kwenye kingo za kioo na kuzichora kama kwa penseli, na yeye mwenyewe hasomeki popote. Nilikuwa namtania: "Bwana yangu, nani amekufa?" Anajibu: "Ni mimi. Mupiga picha ya chupa anapaswa kufa kidogo, chupa ibakie peke yake."

Shati lile alienda nalo. Kartoni za pembeni nimezipaka masizi ya sufuria. Lakini kwa mwili wangu na kwa mlango, nyumba hii nzima haina cheusi isipokuwa kile kitambaa chenu. Nilikizunguka siku nzima kama mbuzi wa kamba. Mwishowe nikakitoa chini ya godoro. Kipande kimoja nikajitanda toka kichwani mpaka miguuni, cha pili nikakitundika mlangoni. Nikasema kwa sauti, popote alipo anisikie: Magloire, hii ni ya chupa, si yako.

Na kweli, Yaya, utaona. Kingo ni safi, pombe inawaka, na mimi simo. Nilipomaliza nikakivua palepale nikarudi kwenye njano yangu.

Julien alikuja kuchukua kadi akanikuta bado kazini. Nilikuwa nimeinama natazama kwenye kamera, chupa iko mbele yangu, mgongo wangu umeificha. Akainua simu akanipiga picha. Nikamwambia: "Futa." Akasema: "Naifuta, yaya." Kama atakuonyesha kabla ya kuifuta, ucheke tu. Nilikuwa kama mtu wa matanga.

Mke wa mdogo wako,
Emerance


Bukavu, tarehe 29 mwezi wa sita 2025

Emerance,

Picha ni safi. Mabango yametoka, hoteli mbili zimechukua mzigo. Asante.

Jambo la pili. Wazee walikaa nyumbani kwa mama. Julien aliwaonyesha ile picha ya simu: mke amejitanda nyeusi kichwa mpaka miguu, mlango umefunikwa nyeusi, kichwa kimeinama, na mbele yake shuka jeupe lina mwanga kama la kufunika maiti. Mama aliishika simu kwa mikono miwili akalia. Akasema: "Sasa na bibi yake amekubali." Hakuna aliyeuliza habari ya chupa, nami siongei nisipoulizwa.

Kifo tumekitangaza kwenye redio hapa Bukavu, asubuhi baada ya habari. Misa imesomwa. Watu walikuja wengi, walikunywa, matanga yameondolewa vizuri. Kasiksi ilikuwa yangu, yenye picha yako.

Nyumba ya Katindo imepata mnunuzi. Ataingia mwisho wa mwezi wa saba, kwa hiyo uanze kufunga vitu. Usione ni roho mbaya. Kila tofali la nyumba ile lina dumu langu ndani yake. Niliuza pombe barabarani ili mdogo wangu ajenge, na wewe ukaletwa toka Rutshuru na sanduku moja ukakuta milango imeshawekwa. Nilikuwekea hasira kwa miaka yote hiyo nikiwa nacheka nawe. Na usiniambie huna pa kwenda wala cha kubeba. Asiye na mwana aeleke jiwe, na huko Goma mawe ni mengi.

Cibalonza


Goma, Mugunga, tarehe 3 mwezi wa nane 2025

Cibalonza,

Sikuiti Yaya tena.

Nimetoka. Mnunuzi wenu ni mtu mpole, alinisaidia kubeba godoro, akashangaa kwamba mjane amevaa njano. Nimepata chumba cha mbao hapa Mugunga kwa Wivine, anayenunua samaki Kituku na kuwauza mpaka kwenu Bukavu. Nimechagua Mugunga kwa sababu huku ndiko Magloire alikokuja siku ile. Akirudi, ataanzia hapa.

Nilikuambia kila kitu. Nilikuandikia mpaka maneno niliyomwambia mume wangu nikiwa peke yangu, nikakufundisha na kazi yake, nawe ukanikata kwa kisu nilichokunolea mwenyewe. Siumii kwa ajili ya nyumba kama unavyofikiri. Naumia kwamba mumezika mtu na jina langu liko juu ya jeneza.

Kitambaa ninacho. Kiko safi, nimekifua. Kitapata mwenyewe.

Emerance


Goma, Mugunga, tarehe 12 mwezi wa kumi 2025

Magloire wangu,

Mwezi uliopita Wivine alirudi toka Bukavu na ndoo zake za samaki, akakaa mbele yangu, akasema: "Emerance, bwana yako iko muzima. Iko kwa dada yake." Nilidhani ananitania, nikamfokea. Akaniambia kwamba bomu lilikukuta barabarani ile siku ya ndoa, kwamba watu waliokuwa wanakimbia walikubeba, kwamba ulilala miezi yote hiyo kwenye kituo kidogo cha afya nyuma ya Minova bila simu na bila mtu wa kupeleka habari, mpaka lori moja likakushusha Bukavu. Na kwamba macho hayaoni. Mimi ninayo mawili, yanatosha watu wawili.

Nakuandikia kwa sababu dada yako hapokei simu ya Wivine akisikia ni mimi, na najua watu wamekujaza maneno. Basi nikuambie mwenyewe, kwa mpangilio.

Ni kweli nilivaa kitambaa cheusi. Ni kweli nilikitundika na mlangoni. Nilikuwa napiga chupa, Magloire, chupa za kasiksi za dada yako, na shati lako jeusi ulienda nalo. Wewe ndiye uliyenifundisha, utaelewa kuliko mtu yeyote duniani. Nilikivua palepale.

Ni kweli nilikuja Bukavu mpaka kwenye geti, nikarudi. Dada yako alisimama hapo akaniambia umepelekwa hospitali ya mbali usikopokea watu. Nilirudi nikilia kwenye boti. Baadaye Wivine akaniambia kwamba siku ileile ulikuwa umekaa uani, nyuma ya geti lilelile.

Nisamehe kwa yote uliyoyasikia. Nyumba haipo, lakini mimi nipo. Jibu neno moja tu, nitakuja kukuchukua hata kwa mgongo.

Bibi yako,
Emerance


Bukavu, tarehe 26 mwezi wa kumi 2025

Emerance,

Dada ananiandikia, kwa sababu macho yangu yamezimika. Mimi nasema, yeye anaandika. Na barua yako amenisomea yeye.

Nilikuwa nimelala kule nyuma ya Minova, mama mmoja ananilisha uji kwa kijiko, na usiku na mchana kwangu vilikuwa kitu kimoja. Kilichonishikilia ni kukutumainia wewe. Nilimwambia yule mama: "Kule kwetu banaweza kunizika bote, lakini iko mutu mumoja atakataa kuvaa nyeusi. Namujua kichwa yake." Mama yule alinicheka, nikagombana naye.

Nilipofika hapa wakaniambia ulivaa. Nikasema ni uongo. Wakasema kuna picha, mama ameiona, wazee wameiona. Nikasema nitasubiri aseme mwenyewe. Sasa umesema. Umeandika kwa mkono wako kwamba ulivaa kitambaa cheusi na ukakitundika na mlangoni. Umeandika kwamba ulikuja mpaka kwenye geti ukarudi. Dada alikuwa ameniambia hilo nikamkatalia, kwamba uliniona kwa mbali, ukaona macho yangu yalivyo, ukageuka. Umeandika nyumba haipo. Na umeomba nisamehe.

Nimekusamehe, ndiyo. Lakini usije. Mtu aliyezikwa na bibi yake hana la kuongea naye.

Magloire

Hapa chini ni mimi, Cibalonza. Yeye ameshamaliza, ametoka nje anapapasa ukuta.

Hayo juu ni maneno yake, kila moja. Na barua yako nilimsomea kwa uaminifu, sikuongeza hata nukta. Nilipunguza tu. Nikifika penye chupa navuta pumzi napita. Nikifika kwenye geti, nilisoma kwamba ulirudi, sikusoma kwa nini. Wewe si ndiye uliyenifundisha, kwamba kinachobaki nje ndicho kinachochora kilicho ndani?

Nilipomzika nilijua amekufa, Mungu ni shahidi yangu, nilimlilia mpaka sauti ikakauka. Sikujua atarudi. Sasa amerudi na anauliza nyumba yake iliuzwa na nani na kwa nini. Nimwambie nini? Kati yetu wawili lazima mmoja awe mbaya, na mimi ndiye ninayempikia. Akisikia neno chupa ataelewa palepale, unajua na mimi najua. Kwa hiyo hatalisikia. Siku nzima amekaa uani na ile redio ndogo niliyomnunulia, ameiweka sikioni kama mtoto na titi. Ametulia. Muache. Mlinzi wa geti nimemwonyesha sura yako.

C.


Goma, Mugunga, tarehe 9 mwezi wa kumi na moja 2025

Kwa msomaji wa matangazo, redio, Bukavu
Kwa mkono wa mama Wivine

Bwana msomaji,

Mwezi wa sita mlitangaza kwenye redio yenu kifo cha Magloire Cikuru wa Goma. Hamkukosea ninyi, mlisoma mlicholetewa. Leo naleta tangazo langu, na mama Wivine atalipia kwenye dirisha kama watu wote. Naomba lisomwe asubuhi baada ya habari, mahali palepale liliposomwa lile la kifo. Msilifupishe. Likizidi urefu mtoe jina langu, msitoe neno jingine.

Tangazo lenyewe ni hili:

"Emerance, zamani wa Katindo, sasa wa Mugunga, anamjulisha mume wake Magloire Cikuru, aliyetangazwa marehemu kwenye redio hii na ambaye yuko hai hapa Bukavu, kwamba nguo nyeusi ilikuwa ya chupa. Zilikuwa chupa za kasiksi za dada yake Cibalonza. Taa ilikuwa nyuma, shuka jeupe dirishani, kartoni za masizi kulia na kushoto, na mpiga picha alikufa kidogo ili chupa ibaki peke yake. Getini aliambiwa mume hayupo. Barua yake isomwe tena, na mtu mwingine."

Asante,
Emerance


Bukavu, tarehe 16 mwezi wa kumi na moja 2025

Emerance, bibi yangu,

Nimekusikia. Nilikuwa nakunywa chai. Msomaji alipofika kwenye kartoni za masizi nilikiweka kikombe chini, kikakosa meza. Dada alikuwa palepale uani, anakamua ndizi. Nikamwuliza: "Yaya, ni chupa gani?" Nikasikia mikono yake imesimama ndani ya beseni. Nikajua.

Nimemwita Mwalimu Cirimwami, jirani, yule mzee aliyefundisha nusu ya mtaa huu kusoma. Nikamwambia dada alete barua zako zote, zile ulizomwandikia yeye na ile yangu. Akasema amezichoma. Mwalimu akamwambia: "Cibalonza, nilikufundisha, wewe hauchomaka kitu." Zilikuwa kwenye sanduku la lebo. Mwalimu amenisomea zote kwa sauti, mama akiwepo, wazee wakiwepo, na Julien ameitwa toka bandarini akae asikilize. Alipofika kwenye "hii ni ya chupa, si yako," mama alimwomba mwalimu asome tena.

Barua hii anaiandika Cibalonza. Ameomba mwalimu aandike, nimekataa. Ameomba kwa mara ya pili akiwa amepiga magoti, nimesikia magoti kwenye saruji, nimekataa. Mkono uliopunguza ndio utakaoongeza. Mwalimu amekaa kando yake, kila mstari ukiisha anausoma kwa sauti, na kama umepungua anaurudia. Wino ukiwa umetawanyika mahali, ujue ni machozi yake. Usiyahurumie, mimi siyaoni.

Andika, dada. Mimi Cibalonza nilijua kwamba Emerance hakuvaa nyeusi kwa ajili ya kifo. Nilijua kabla ya wazee kukaa. Nilikula nyumba ya mdogo wangu, na aliporudi hai nilimnyang'anya na bibi yake ili nyumba isiulizwe. Siku Emerance aliposimama kwenye geti, mdogo wangu aliniuliza ni nani, nikamwambia ni mutu wa kuomba maji; baadaye nikamwambia alikuwa Emerance, aliona macho yake akageuka. Andika, nasubiri. Mwalimu, soma.

Sawa.

Sasa maneno yetu, Emerance. Mwalimu ameniletea bango, ananieleza picha kwa mdomo. Kazi ni nzuri. Karatasi ya fedha umeikumbuka. Ila anasema kwenye shingo ya chupa, upande wa kushoto, kuna mng'aro mdogo. Kartoni yako ya kushoto ulikuwa umeiweka mbali. Nilikuambia mara ngapi uisogeze.

Nilikuandikia usije. Neno lile ni langu, hakulitia dada, na litaniuma mpaka nife kweli. Nilipaswa kukujua hata bila chupa.

Nakuja mimi. Mwalimu atanipandisha boti, wewe nisubiri bandarini Goma. Vaa ile ya njano. Sitaiona, lakini nitawauliza watu kama ipo, nao wataniambia. Chumba cha Mugunga kinatosha. Hapa sitalala tena.

Na kile kitambaa cheusi ulichokifua, uje nacho bandarini, umpe Julien akirudishe Bukavu kwa boti ileile. Ni cha dada yangu. Umbo lake na lako ni moja, kitamfaa. Amefiwa na mdogo wake wa pekee, na safari hii hakuna redio itakayokanusha. Andika hilo pia, Cibalonza. Andika jina la marehemu.

Magloire Cikuru.

Mkono ni wa Cibalonza. Nimesoma yote, halikupungua neno: Cirimwami, mwalimu.